Anayefunga tabo, afunge na geji



Leo nawaomba tuondoke mjini kidogo, twende Getanuwas. Kwa asiyepafahamu, Getanuwas iko wilayani Hanang, mkoani Manyara, kwenye uwanda ule mpana wa ngano, maharage na ng'ombe, ambako ukiinua macho unauona mlima Hanang umesimama peke yake, zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari. Nilikwenda huko kutayarisha kipindi cha kilimo. Siku ya kurudi nikapanda Land Cruiser moja ya abiria inayokwenda Katesh. Ndani tulikuwa watu kumi na mmoja, juu ya keria kulikuwa na magunia ya maharage, na chini ya viti vya nyuma kulikuwa na kuku ambao hakuna aliyewahesabu.

Tulipofika kwenye mpando wa kwanza nikajiandaa kusikia ile kelele tunayoijua sote: dereva anashusha gia, injini inalia, abiria wanainama mbele kana kwamba wanalisaidia gari. Haikuwa hivyo. Dereva alikanyaga mafuta, nikasikia filimbi nyembamba ikitoka kwenye boneti, na gari likapanda kwa gia ileile kama linavyokwenda tambarare. Nyuma yetu tuliacha wingu jeusi la moshi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akasema, "Gari hili lina jini." Dereva akacheka. "Si jini, mama. Ni tabo. Nimeifunga mwenyewe."

Kijana huyo, ambaye hata miaka thelathini hajafika, ndiye mwenye gari. Alinisimulia njia nzima. Baba yake alimpa ng'ombe wawili akauza, akaenda Arusha kwa wauza vipuri vilivyotumika, akanunua tabo iliyofunguliwa kwenye gari jingine pamoja na manifodi yake. Akarudi nyumbani, akaliegesha gari chini ya banda la bati, akakopa mashine ya kuchomelea, na kwa siku nne yeye na mdogo wake wakaifunga. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na spana, akili, na picha alizotumiwa na rafiki yake kwenye simu.

Nikamuuliza, "Sasa unajuaje kama injini haiungui?"

Akanionyesha geji ya joto la maji kwenye dashibodi. "Hii inanitosha, mzee. Mengine nasikiliza kwa sikio."

Ndugu wasikilizaji, jibu hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo ya leo. Maana sikio la kijana yule ni zuri, na mikono yake ni mizuri zaidi. Lakini lipo joto ambalo sikio halilisikii, na geji ya maji hailioni.

Kwanza tumtendee haki kijana. Kwa nini alitaka tabo? Si kwa mbwembwe. Injini hula hewa kabla ya kula mafuta. Kilo moja ya dizeli huhitaji kilo zaidi ya 14 za hewa ili iungue yote. Dar es Salaam au Tanga, penye usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kama kilo 1.2. Ukipanda hadi mita 1,700, hewa ile ile inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 15. Sehemu kubwa ya uwanda wa Hanang na vilima vya Mbulu iko zaidi ya mita 1,500. Kwa hiyo gari lililoshuka melini likiwa na nguvu zake zote, likifika huko limekwisha kupoteza sehemu ya nguvu hizo kabla hata halijapakia gunia moja. Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hilo, ndiyo maana baadhi ya pampu za dizeli huwekewa kifaa cha kupunguza mafuta kadiri mwinuko unavyoongezeka.

Tabo inarudisha hewa iliyopotea. Kazi yake ni rahisi kueleza. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu, na kwa kawaida tunaitupa nguvu hiyo kwenye ekzosi. Tabo inaukamata moshi huo, unazungusha gurudumu dogo la mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mfupi na gurudumu jingine upande wa pili, ambalo linavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa shindo. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, huku ukielea kwenye utando mwembamba wa oili. Ile filimbi tunayoisikia ni hayo mapanga. Supachaja nayo inasukuma hewa vivyo hivyo, ila yenyewe huzungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, haitegemei moshi.

Na jambo la kupeleka tabo mlimani si geni. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikisha fikra hiyo mwaka 1905, na ilimchukua miaka ipatayo 20 ya kujaribu na kushindwa mpaka ilipofanya kazi vizuri kwenye injini za dizeli. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, alitaka kujua kama tabo itaisaidia injini ya ndege huko juu penye hewa nyepesi. Hakukimbilia kuifunga kwenye ndege. Aliipakia injini kwenye lori, akaipandisha mlima Pikes Peak huko Colorado, zaidi ya mita 4,300 juu ya bahari, akaiwasha huko kileleni na kuipima. Alipima bila tabo, akapima ikiwa na tabo, akaandika. Ndipo akasema inafaa.

Sisi wa Afrika Mashariki tulilijua neno hili kwa vumbi. Mwaka 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica yenye tabo, mwaka 1985 Juha Kankkunen akashinda kwa gari la aina hiyo, na 1986 Waldegård akarudia. Tangu hapo neno hilo likapakwa rangi kwenye vioo vya mabasi na daladala, hata yale ambayo hayakuwa na tabo yoyote. Tuliokuwa watoto tuliliona gari likipita kama risasi. Hatukuwaona mafundi wanaolisubiri kwenye kituo cha matengenezo, wakilifungua na kulipima kabla ya kuliruhusu tena barabarani.

Hata viwandani mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari la kutembelea lenye tabo, likaitwa Jetfire. Ili injini isigonge kwa joto, liliwekewa chupa ya dawa ya maji na methanoli, na mwenye gari alitakiwa kuijaza kila inapopungua. Wengi hawakuijaza. Walitaka nguvu, lakini hawakutaka kazi iliyokuja na nguvu hiyo. Baada ya muda mfupi gari lile likaachwa, na baadhi ya wenye magari wakakubali kung'olewa tabo zao.

Sasa turudi kwa Land Cruiser ya Getanuwas. Injini yake ni ile inayojulikana sana hapa kwetu, 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyotoka kiwandani na tabo. Ilianza kutolewa mwaka 1990. Mwaka huo huo Toyota walitoa ndugu yake, 1HD-T, ukubwa ule ule wa lita 4.2, lakini hiyo ina tabo ya kiwandani. Ukiziangalia kwa nje utadhani tofauti ni ile tabo tu. Sivyo. Katika 1HD-T dizeli hupulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo wake hauzidi 19 kwa 1. Katika 1HZ dizeli huanza kuungua kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, na mgandamizo unapita 22 kwa 1. Maana yake ni kwamba waliotaka tabo pale kiwandani hawakuifunga tu na kwenda nyumbani. Walibadilisha na kile kinachopokea ile hewa.

Je, hii ina maana 1HZ haifungwi tabo? Inafungwa, na magari mengi duniani yanatembea hivyo kwa miaka. Lakini inafungwa kwa adabu. Wanaoifahamu kazi hiyo huizuia hewa isipite paundi 7 au 8, na kiasi cha dizeli hukiongeza kidogo kidogo huku wakiangalia geji ya joto la moshi. Geji hiyo ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Ni waya mmoja unaoingia kwenye manifodi, kabla moshi haujafika kwenye tabo, na mshale mmoja mbele ya dereva.

Kwa nini geji ya maji haitoshi? Kwa sababu maji hupata habari mwisho. Kwenye dizeli, ukiongeza mafuta unaongeza moto, na hewa isipotosha unaongeza na moshi mweusi. Kwenye mpando mrefu, gari likiwa limejaa, moto huo unaweza kupanda kwa dakika chache tu hadi mahali pabaya. Pistoni zetu ni za alumini, na alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni haiyeyuki mara moja moshi unapofika nyuzi hizo, kwani oili na maji vinaipoza kila wakati. Lakini ukiulazimisha moto mkubwa zaidi uendelee, iko siku pistoni itatoboka au hedi itapasuka karibu na kile chumba kidogo, na mshale wa maji ulikuwa bado katikati dakika tano zilizopita. Ndiyo maana madereva wengi wa 1HZ yenye tabo hawapendi kuuona mshale wa moshi ukikaa juu ya 650 au 700.

Tulipofika Katesh kijana aliona nimekuwa kimya, akaniambia, "Mzee, twende kwa babu. Yeye atakuambia gari liko salama." Babu huyo ni baba wa mama yake. Alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya mashamba ya ngano ya NAFCO, yale yaliyosaidiwa na Kanada tangu miaka ya 1970, na ambayo Wabarbaig hawachoki kutukumbusha kwamba kabla ya ngano yalikuwa malisho yao. Shirika lile sasa halipo. Lakini watu waliojifunza ufundi kwenye matrekta na mashine zake za kuvunia bado wapo, wengine wamekaa barazani kama mzee huyu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Fungua boneti."

Hakuuliza habari za safari. Alivaa miwani, akainama. Alianza kwenye chujio la hewa. Kijana alikuwa ameunganisha bomba la chujio na tabo kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliofungwa kwa waya. Mzee aliupapasa, akatuonyesha kidole chake kikiwa chekundu kwa vumbi. "Hili vumbi la Getanuwas linaingia ndani. Mapanga yale ni membamba kama ukucha. Unayapiga msasa kila siku." Akashuka chini ya gari kutazama bomba la kurudisha oili. Hapo alimsifu mjukuu wake: bomba lilikuwa pana, linashuka moja kwa moja bila kujikunja, na limechomelewa kwenye sampu juu ya usawa wa oili. "Sampu uliishusha ulipotoboa?" "Niliishusha, babu, nikaiosha." "Vizuri."

Kisha akafika kwenye pampu. Skrubu ya mafuta ilikuwa na alama ya rangi mpya. "Umeizungusha kiasi gani?" Kijana akasita. "Mzunguko mmoja." "Mzima?" "Mzima, babu. Ndipo gari likawa na nguvu." Mzee akavua miwani. Akasema maneno ambayo niliyaandika pale pale kwenye daftari langu: "Kule shambani kila mashine ilikuwa na geji zake, na kila geji ilikuwa na daftari. Ukiona mshale umepanda, unapunguza. Hatukuwa waoga. Mashine ikifa wakati wa mavuno, ngano inabaki shambani na mvua haikusubiri. Wewe mavuno yako ni hawa abiria."

Kijana hakujibu. Alikuwa na haki ya kuumia, kwa sababu alikuwa amefanya kazi ngumu na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa sahihi. Lakini wiki mbili baadaye alinipigia simu. Alikuwa amepata geji ya joto la moshi huko Arusha. Alishusha manifodi kabla ya kuitoboa, vipande vya chuma visije vikaingia kwenye tabo. Chujio alilirudishia sanduku lake na mpira wake halisi wenye klipu. Alitaka kwenda kulipima gari kwenye mpando wa Dareda, ule unaopanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh na Mbulu, na aliniomba niwepo. Nadhani alitaka shahidi.

Tulikwenda siku hiyo bila abiria. Nyuma alipakia magunia ya mchanga ili gari liwe na uzito wa kazi. Babu alikaa mbele, mimi nyuma na daftari. Tulianza kupanda. Mshale ulionyesha 500, ukaenda 600. Kufikia kona ya tatu ulifika 700, na gari lilikuwa linakwenda vizuri kabisa, filimbi inalia, injini haina mgongano wowote. Kwa sikio ungesema hakuna gari zima kuliko hilo. Geji ya maji ilikuwa katikati. Mshale wa moshi ukapita 750, ukaigusa 800. Babu akasema kwa sauti ya chini, "Achia mafuta." Kijana akaachia. Nilimwona kwenye kioo, uso umebadilika. Bila shaka alikuwa anahesabu ni mara ngapi alipanda mipando yake akiwa amekanyaga hivyo, na watu kumi na mmoja ndani.

Walisimama pembeni, wakairudisha skrubu robo mzunguko, wakajaribu tena. Wakarudisha robo nyingine. Kila safari babu alinisomea namba nami niliandika. Ilipofika mara ya tatu, gari lilipanda sehemu ile ile na mshale ukakaa 650, na lile wingu jeusi nyuma yetu likawa kivuli chepesi. Mwendo ulipungua. Mahali pa gia ya nne sasa ilikuwa gia ya tatu. Kijana akasema, "Babu, nguvu imeondoka." Mzee akamjibu, "Ile haikuwa nguvu yako. Ilikuwa ya pistoni."

Wasikilizaji wangu, mimi mwenyewe si mtu wa kumcheka kijana huyu. Mwaka 2011 nilikuwa na pikapu ya dizeli iliyochoka. Nikashauriwa kufunga tabo ya mtumba kwenye gereji bubu moja, nyuma ya nyumba ya mtu. Nilitaka rahisi, nikapata rahisi. Bomba la kurudisha oili lilikuwa jembamba na limejikunja. Oili ikakosa pa kwenda, ikapenya kwenye sili za tabo na kuingia kwenye njia ya hewa. Asubuhi moja niliwasha gari, likaanza kuunguruma lenyewe. Sikukanyaga mafuta. Nikazima switi, nikatoa ufunguo, nikaushika mkononi, na injini ikaendelea kupanda sauti huku mtaa mzima umejaa moshi mweupe. Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe. Ufunguo hukata dizeli, haukati oili. Fundi alikimbia. Sikumlaumu, kwani nami nilikuwa nimekwisha fika getini. Jirani mmoja mwendesha lori ndiye aliyechukua kipande cha ubao na kuziba mdomo wa bomba la hewa mpaka injini ikafa.

Nalisema hili ili anayesikiliza alikumbuke. Injini ya dizeli ikipandwa na wazimu namna hiyo, dawa ni kuinyima hewa kwa kitu kigumu na bapa. Usizibe kwa mkono wala kwa kitambaa, vitavutwa. Ikiwa huwezi kuifikia na gari ni la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia kubwa, achia klachi, injini ifie hapo. Ikishindikana, waondoe watu, kaa mbali.

Sasa kwa yule ambaye tayari ana tabo chini ya kitanda na anasubiri Jumapili, nina maneno machache. Pima injini kwanza. Injini iliyochoka haiponi kwa tabo, inazikwa. Pima mgandamizo wa kila silinda, na kama mmoja umeshuka, hizo fedha ziende kwenye injini. Hakikisha oili safi inafika kwenye tabo na inashuka kwa uhuru. Chujio la hewa lisiwe na tundu hata la sindano. Badilisha oili mapema kuliko ulivyozoea, maana oili hiyo sasa inapita mahali pa moto zaidi. Baada ya mpando mkali usizime gari papo hapo, liache lizunguke taratibu dakika mbili tatu, tabo ipoe na oili isiungulie humo ndani. Tazama na breki. Gari linalopanda kwa kasi litashuka upande wa pili, na breki zake ni zile zile za jana. Na juu ya yote, funga geji kabla ya kugusa skrubu ya pampu.

Najua kuna watakaosema kazi hii waachiwe wataalamu. Mimi siko upande huo moja kwa moja. Wataalamu wenyewe wako wapi kule Getanuwas? Gari likifa kule, anayelifufua ni kijana chini ya mti, na bila yeye maharage hayafiki sokoni na mgonjwa hafiki hospitali. Kijana yule alishusha sampu akaiosha bila kuambiwa na mtu. Huyo ni fundi. Alichokosa ni kitu cha kupimia, na mtu wa kumwambia kwa nini apime.

Hapo ndipo ninapowaomba wakubwa wetu wanisikilize. Tunayo VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vijana wanaoingia darasani wanafundishwa, na hilo ni jema. Lakini fundi aliyekwisha kuwa na gereji yake hawezi kuifunga mwaka mzima aende shule. Anahitaji mafunzo ya siku chache, karibu na alipo, ambapo ataonyeshwa namna ya kupima mgandamizo, namna ya kusoma geji ya moshi, namna ya kuandika anachokiona. Na wazee wa karakana za zamani, kama babu wa kijana huyu, watumike kabla hawajatutoka. Ujuzi ule ulilipiwa gharama kubwa, na ardhi ya watu ilitumika. Usikae barazani ukisubiri kuzikwa.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Tunapenda dereva anayewahi. Tunamsifu anayepita wenzake kwenye mpando, na tunamnung'unikia anayeshusha gia. Kumbe kwa sifa zetu hizo tunaizungusha ile skrubu. Ukiona gari linamwaga wingu jeusi kila linapopanda, fahamu kwamba kuna mafuta yasiyopata hewa, na moto usio na kipimo. Muulize dereva kwa upole. Kuuliza si ujinga.

Juzi niliongea tena na kijana wa Getanuwas. Gari linafanya kazi. Chini ya kiti cha dereva sasa kuna daftari la shule, na kila jioni mdogo wake anaandika: mpando gani, abiria wangapi, mshale ulifika wapi. Alinisomea ukurasa mmoja kwenye simu. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa 660, siku ya mnada, gari likiwa limejaa. Mbele yake babu ameandika kwa mkono wake neno moja: "Punguza."

Mpaka wiki ijayo, nawatakia safari njema.